Tundu la Ukoo Wetu

Mdomo wangu nusura uutoe uhai wa mtu, na nauchukia hadi leo. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wapo wanaodai volkeno, mabonde, hata bonde la mto wetu, vilizaliwa na vimondo vilivyoanguka kutoka angani. Nikapanda na ujuzi huo hadi maporomokoni hapa Kisangani, ambako tonton wangu, ndugu wa baba, alikuwa akisimika mti wa kufungia mitego ya samaki katika tundu la mwamba. Kwetu kila ukoo una matundu yake, yanayosemwa yalichimbwa na babu zake, na mti wa mgeni hauingii humo.

Nikapaza sauti kuyashinda maji: "Tonton, hakuna babu aliyechimba matundu haya! Yalichimbwa na mawe ya angani!"

Jirani yetu, mvuvi wa ukoo mwingine, akasikia. Akaleta mti wake hadi kando ya tundu letu. "Bon, sawa. Kama iko ya mbinguni, iko ya watu wote."

Wakabaki wanatazamana juu ya mwamba unaoteleza, maji yakinguruma chini yao; msukumo mmoja tu ungeua mtu. Nilitamani kuyameza maneno yangu. Tonton akapenyeza mkono tunduni hadi begani, akatoa jiwe la mviringo, laini kama yai. "Hii ndiyo ilichimba, pamoja na mayi ya mto. Babu aliikuta inazunguka humu. Batu ya ukoo yetu ndiyo banaichunga, pamoja na tundu yake."

Jirani akauondoa mti wake polepole.

Lakini hadi leo, kila akipita pale, kwanza hutazama mbinguni, halafu tundu letu.