Mchuzi wa Ijumaa

Ijumaa, tarehe tatu Machi 1961. Kaskazi kavu, jua kali tangu asubuhi, mbinguni hakuna hata wingu la kusingizia. Wete nzima ilikuwa inangoja jua lichwe: majirani zetu kwa sababu ya Ramadhani, sisi kwa sababu ya joto, ingawa na sisi tulikuwa ndani ya Kwaresima. Mwaka ule mifungo miwili ilianza karibu pamoja, na Baba akasema safari hii mji mzima una njaa, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Skuli niliachia darasa la sita, na mengi ninayoyaandika hapa kaka yangu angeyaeleza vingine. Yeye ndiye mwenye habari hii hasa. Nitajitahidi nimpe haki yake, na wengine wapate yao.

Wakatoliki wa Wete tulikuwa wachache: watu waliotoka Bara kama Baba, aliyekuwa seremala, na Wagoa wawili watatu wa forodhani. Mwaka ule watoto sita tulikuwa tunajiandaa kwa kipaimara, mimi na kaka yangu tukiwamo. Askofu alitarajiwa baada ya Pasaka, na Pemba hakuja kila mwaka. Ukimkosa, unaweza ukaota ndevu hujapata. Baada ya skuli tulikaa kwenye mkeka nyuma ya kanisa, binti wa Kigoa peke yake akiwa na viatu, na mwalimu wa dini, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akituuliza maswali ya katekisimu nasi tukijibu kwa pamoja. Kilichotushughulisha zaidi ni kofi la askofu. Tulisikia kwamba akishakupaka mafuta anakupiga shavuni ili uwe askari wa Kristo. Binti wa Kigoa alituhakikishia kuwa dada yake alipigwa mpaka hereni ikaanguka. Hatukumwamini sana, lakini mazoezi tulifanya, tukipigana makofi nyuma ya kisima. Lilipokuja lenyewe lilikuwa kofi la kufukuzia inzi.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima tulifika amri ya nane.

"Uongo ni uongo," Mwalimu alisema. "Mdogo ni dhambi ndogo. Lakini ndogo si sawa na hakuna."

Mtoto wa polisi akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akiniuliza hujambo, na mimi jino linaniuma?"

"Unasema sijambo, kisha unamweleza habari ya jino."

"Basi ile sijambo ni uongo."

Mwalimu akakuna kidevu. "Kaa chini."

"Nimekaa, Mwalimu."

Tulicheka sote isipokuwa kaka yangu. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne na jambo likimwingia huwa halitoki. Tangu siku ile, ukimuuliza hujambo, anafikiri kwanza. Mwenye duka alimuuliza habari za nyumbani, akaelezwa kwamba Baba na Mama hawasemezani tangu jana kwa sababu ya randa iliyopotea. Mama mmoja wa kanisani alikuwa anakula muhogo uani kwake, akamwambia karibu, kama tunavyosema sote mtu akipita. Akashangaa kumwona ananawa mikono.

Mama yetu alicheka mpaka akashika ubavu. Hakujua kwamba zamu yake inakuja.

Ukuta wa nyumba yetu ulipakana na wa bibi mmoja ambaye Mama alimwita Bi Mkubwa na sisi tukamwita Bibi. Mama aliletwa Wete akiwa bibi harusi, hamjui mtu, na huyo ndiye aliyemfundisha kupika kwa tui, na ndiye aliyemkanda alipojifungua. Kaka, Bibi alimwita "mume wangu" na mimi "mke mwenzangu", akiniuliza kila asubuhi kama mume wetu ameamka au bado tunalisha gogo lililolala. Mama hakuwa na mama mwingine kisiwani. Hilo sote tulilijua bila kuambiwa.

Ramadhani, kila jioni, Bibi alituletea futari kwa mkono wa mjukuu wake, kwenye bakuli la kaure lenye maua, limefunikwa kawa. Kesho yake bakuli lilirudi na kitu ndani, ndizi mbivu au maandazi, maana bakuli la jirani halirudishwi tupu. Tatizo lilikuwa Ijumaa. Kwake Ijumaa ni siku kubwa, kwa hiyo siku hiyo alitia nyama. Kwetu Ijumaa nyama ilikatazwa, na zama zile si Kwaresima peke yake, mwaka mzima. Mama hakumwambia. Alipokea, akashukuru, na kabla ya adhana mimi nilipeleka mchuzi kwa mzee mmoja hamali wa bandarini, mfungaji aliyeishi peke yake nyuma ya ghala. Kesho yake Mama anaosha bakuli na kusema, "Bi Mkubwa, jana tumejiramba vidole."

Kwa haki, mpango ule haukumdhuru mtu. Bibi alifurahi, hamali alishiba, nasi hatukuvunja amri ya Kanisa. Kasoro ilikuwa kwenye vile vidole tu.

Ijumaa hiyo ya tarehe tatu, Bibi akaja mwenyewe.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeleta mwenyewe, mjukuu ana homa." Akampa Mama bakuli, akakaa kibarazani kupumua. Kaka alikuwa pale anachonga mwiko. "Mume wangu, mchuzi wa Ijumaa ile ulikuwaje? Nilitia bizari mpya, nikasema huyu nimuulize mwenyewe."

Mama akakohoa. Mimi nikamkanyaga kaka mguu. Alitutazama sote wawili kwa huruma, kama mtu aliyefungwa kamba.

"Sijui, Bibi. Sikuuonja."

"Kwani ulikuwa mgonjwa?"

"Hatuli nyama siku ya Ijumaa. Mama humpelekea yule mzee hamali."

Bibi akamgeukia Mama polepole. "Toka lini?"

Mama alikuwa ameinamia bakuli. Kaka, kwa kuwa aliona swali limeulizwa na halijajibiwa, akalijibu. "Toka zamani, Bibi. Toka mimi sijazaliwa."

Bibi akainuka, akajifunga buibui lake, akaondoka. Hakuaga. Kwa watu wa kwetu, mtu mzima kuondoka bila kuaga ni zaidi ya kutukanwa.

Jumamosi nilipeleka bakuli na ndizi mbivu. Mjukuu alilipokea mlangoni amejitanda shuka, akasema bibi anasali. Jioni halikurudi. Jumapili vilevile, na Jumatatu. Mama alihamisha mkeka wake karibu na ukuta wa Bibi, akawa anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa, anasikiliza. Baba alitaka kumtandika kaka. Mama akamuuliza, "Utampiga ukimwambia nini? Kwamba amesema kweli?" Baba akarudisha mkanda kiunoni.

Jumatano Mama alitufuata mpaka nyuma ya kanisa, akasimama ukingoni mwa mkeka.

"Mwalimu, umenifundishia mtoto mpaka nimepoteza jirani."

Mwalimu alikuwa amekwisha kusikia. Wete ni ndogo. "Mama, nimemfundisha asiseme uongo. Kwamba si kila kweli ni ya kila mtu kuisema, hilo ni somo la leo."

"Ungeanza na hilo."

"Kitabu hakikuanza nalo."

Mtoto wa polisi alicheka, akatazamwa, akaacha. Mwalimu akamwambia kaka, "Ulipoulizwa, ungesema, Bibi, muulize Mama."

"Hiyo si kukwepa, Mwalimu?"

"Ni kukwepa. Kukwepa si uongo."

Binti wa Kigoa akaomba arudie, pengine ameona lina faida. Kisha Mwalimu akageuka kwa Mama na kuteremsha sauti, jambo ambalo hatukujua analiweza. "Na wewe Mama, kusema kweli..."

"Mimi sikusema uongo. Nilisema adabu."

"Sawa. Lakini kweli ile ilikuwa mzigo wako, na mtoto ndiye aliyeutua. Nenda kwa bibi wa watu."

Mama aliondoka amekasirika. Nadhani alikasirika kwa sababu alikuwa anajua, ila hapo naweza kuwa nakosea, hakuwahi kuniambia.

Alhamisi alasiri alinichukua tukaenda. Bibi alikuwa uani kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. "Marahaba," akaitikia bila kuinua macho. Mama hakungoja kukaribishwa. Akakaa chini, akavuta kisu na muhogo uliokuwa pale, akaanza kumenya.

"Bi Mkubwa, nimekuja kusema mwenyewe. Dini yetu, Ijumaa hatuli nyama. Niliona haya kukwambia."

"Haya ya nini?"

"Ulikuwa unanipa kwa moyo. Nikaona nikikataa utasema nakionea kinyaa chakula chako."

Nazi ikasimama. "Miye n'nafunga. Nakujua kufunga. Mtu akinijia saa nane mchana na sahani ya pilau, mtu huyo ntamwona adui. Na miye ndivyo nilivyokuwa nikikufanyia, kila Ijumaa, miaka yote hiyo, nawe wanambia umejiramba vidole. Umenifanya adui wa dini yako nami sijui. Hilo ndilo lililonikaa hapa. Si nyama." Akajigusa kifuani na mkono wenye machicha.

Mama akalia. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akasema, "Menya vizuri huo muhogo, watupa nusu."

Mama akamenya vizuri.

"Na huyo hamali, kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, Bi Mkubwa."

"Ndiyo maana. Kila akiniona njiani aniombea dua, mpaka wazee wangu waliokufa awaombea, nami najiuliza mzee huyu anijuaje." Mabega yakaanza kumtikisika, na Mama, machozi bado mashavuni, naye akacheka. "Yeye ntampelekea yake. Asikose kwa ajili yenu. Mke mwenzangu, hebu kaniitie mume wetu."

Nilimleta kaka. Alisimama uani ameshika mikono nyuma kama mbele ya askofu.

"Wewe ndiye msema kweli wa nyumba ile. Nambie, maandazi yangu?"

"Matamu, Bibi."

"Na tambi zangu?"

Kaka alinitazama, akamtazama Mama, nikaona anapekua somo la jana kichwani.

"Bibi," akasema, "muulize Mama."

Bibi alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani. Mama akaushughulikia muhogo wake kwa bidii sana, kisha akasema bila kuinua uso, "Sukari imezidi kidogo, Bi Mkubwa."

"Toka lini?"

"Toka nimeolewa."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijaweza kusema nani alikosa. Kaka alisema kweli, Mama alilinda moyo wa mtu, Mwalimu alifuata kitabu. Siku Padri alipotuhoji kabla ya kipaimara, aliniuliza uongo ni nini. Nikajibu kama kitabu, akaridhika, lakini mimi mwenyewe akilini nilikuwa natazama mkono wa Bibi wenye machicha.

Ijumaa, karibu na magharibi, mjukuu alipiga hodi, homa imemtoka, bakuli mikononi na kawa juu yake. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akafunua hapo hapo mlangoni. Ndani alikuwa samaki, changu aliyeshuka asubuhi ile kutoka Tumbe kwa baiskeli, kwenye tui zito lenye ukwaju. Baba alipewa kichwa, mimi na kaka tukagawana mkia, na mchuzi tukaumaliza kwa mkate wa boflo.