Alama Niliyosahau Kuweka

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, niliandika programu za kompyuta katika ofisi ya mradi wa afya pale Ifakara. Kompyuta zilikuwa mbili, na kila jioni tulizifunika kwa vitenge kuzikinga na vumbi. Siku hizi nalikumbuka hata lile vumbi kwa hamu.

Programu yangu ilichapa fomu. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Penye msiba ilitoka fomu moja ya pekee, na mdodosaji mmoja akapanda baiskeli kwenda kuzungumza na wafiwa.

Shida ilikuwa masika. Msimu wa mpunga ukianza, nusu ya watu wa mtaa wa Kibaoni walihamia shambani, wakaishi kwenye vibanda mpaka mavuno. Kwa hiyo programu ilikuwa na matoleo mawili: shina, lililowatafuta watu nyumbani, na tawi la masika, lililowatafuta shambani. Mfumo wa kompyuta wa kutunza matoleo hayo ulikumbuka kila mstari, nani kauandika na lini. Baadaye tawi liliunganishwa na shina.

Ila mfumo ule haukukumbuka kwamba tawi limeshaunganishwa. Ukiunganisha mara ya pili, ulianza tena pale tawi lilipochipukia, ukaleta mabadiliko yote, ya zamani na mapya. Dawa yake ilikuwa kuweka alama mwenyewe kila ukimaliza, ili safari ijayo uanzie hapo. Mkubwa wangu wa kazi, mama wa Kipogoro asiyecheka ovyo, alinisisitizia hilo hadi nikachoka. Nami nilijiona fundi. Alama za nini, na kichwa ninacho?

Mwaka ule niliunganisha katikati ya masika, nikaunganisha tena baada ya mavuno. Kati ya hapo nilikuwa nimehamishia kile kipande cha kuchapa fomu ya msiba, kilichotoka kwenye tawi, sehemu nyingine ya shina. Mfumo haukukitambua, ukakipachika upya, na programu ikaanza kuchapa kila fomu ya msiba mara mbili.

Wiki ile msiba ulikuwa mmoja: mtoto wa miaka mitatu, kitindamimba wa mama mmoja wa Lumemo. Jumatatu alikwenda mdodosaji wa kwanza. Alhamisi akaenda wa pili, akaanza upya: alizaliwa lini, aliumwa nini, alifia wapi. Mama akajibu yote.

Fomu mbili za mtoto mmoja zilipofika mezani kwake, mkubwa wangu hakufoka. "Nenda ukamwombe radhi mwenyewe," alisema. Bora angenitukana.

Nilimkuta yule mama akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba hakustahili kuulizwa vile mara mbili. Mama akauweka ungo chini.

"Yule wa kwanza nilimlilia tu, sikumweleza kitu cha maana. Huyu wa pili nikamwambia mpaka mtoto alivyokuwa anapenda ukoko. Hapa nyumbani wanaogopa hata kumtaja, mwanangu. Ninyi ndio mlioniuliza."

Siku hizi mifumo inakumbuka yenyewe kilichounganishwa, na vijana hawaijui adha ile. Mimi nilirudi ofisini, nikasahihisha programu, nikaweka alama. Kisha nikazitoa zile fomu mbili, maana kwenye kumbukumbu ilitakiwa ibaki moja. Kwenye ya pili mdodosaji alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli: alipenda ukoko. Nikabakiza hiyo.