Fundi Asiyeiona Thrii-dii

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za jengo moja la River Road hadi orofa ya pili, nikamkuta Fundi Mkuu, Bwana Athman, ameinamia televisheni iliyofunguliwa mgongo. Alikuwa mtu wa Lamu, mpole, asiyepaza sauti hata barabara chini ikipiga kelele namna gani. Hakuuliza vyeti vyangu. Alinionyesha kapasita, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme, akasema, "Hiki hubaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Usikiguse kwa pupa. Kazi hii haitaki pupa, Njoroge."

Karibu miaka ishirini nilikaa kwenye benchi lake nikilehemu nyaya. Kisha Meneja wa Mauzo akanihamishia kitengo cha ufungaji, nikawa napeleka televisheni mpya kwenye nyumba za watu. Huko ndiko zilikonikuta zile za thrii-dii, ambazo picha yake huonekana kama inatoka nje ya kioo.

Zilipofika, Meneja alituita sote kwenye duka la kampuni, hata Bwana Athman kutoka River Road, akazima taa, akatugawia miwani. Nitaeleza kwa ufupi zilivyofanya kazi. Macho yetu mawili huona kitu kimoja kutoka pembe mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo huziunganisha picha hizo ndipo tunapojua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Televisheni hizo zilionyesha picha mbili, moja kwa kila jicho. Miwani ilikuwa na vioo vilivyojifunga na kujifungua kwa zamu, kwa kasi mno hata mvaaji asihisi, ili kila jicho lipate picha yake.

Samaki wakaanza kuogelea. Wenzangu wakaguna kwa mshangao, wakanyoosha mikono. Halima, karani wa duka, alijaribu kumshika samaki hewani, taratibu, kama mtu aliye ndotoni. Mimi niliwaona samaki wamelala bapa kwenye kioo, tena wamefifia, kwa sababu miwani ile hupunguza mwanga.

"Njoroge, unaona?" Meneja akauliza.

"Naona," nikasema.

Niliogopa kurudishwa kwenye benchi. Kwa hiyo nikajifunza kufanya kazi kwa kusikiliza. Nikishafunga televisheni, nilimuuliza mwenye nyumba picha imefika wapi, naye alinieleza. Katika sebule za Kitisuru, mtaa wa matajiri, miti ikiyumba nje ya madirisha, nilisimuliwa vipepeo waliotua magotini na mvua iliyonyesha mpaka kwenye zulia. Nilirudi mjini nimejaa vitu ambavyo sikuwahi kuviona.

Lawama pia nilizisikia. Wengine waliumwa na kichwa, wengine walisikia kichefuchefu. Ukilala kwenye kochi na kuinamisha kichwa upande, picha iliharibika. Miwani iliisha chaji katikati ya kipindi, na vipindi vyenyewe vilikuwa vichache.

Asubuhi moja yenye ukungu nilimfungia Mwalimu Eunice, mwalimu mkuu mstaafu, televisheni aliyonunuliwa na mwanawe Peter, aliyekuwa amekuja likizo kutoka ng'ambo.

"Mum, si unaona huyo ndege anakuja?"

"Naona, Peter. Ni mzuri sana."

Simu ya Peter ikalia, akatoka bustanini. Mwalimu akavua miwani, akanong'ona, "Fundi, hii kitu yenu imeharibika ama ni mimi? Sioni chochote kikitoka. Na huyu mtoto amefurahi hivi, nitamwambia nini?"

Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni vile alivyoishika miwani kwa mikono miwili, kama kikombe cha mtu mwingine.

"Mwalimu, hata mimi sioni."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Huu ni mwaka wa tatu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu sauti ya ualimu ikamrudia. "Funika jicho la kulia. Soma kalenda ile ukutani."

Tarehe zote zilikuwa moshi mtupu.

"Sasa ni zamu yangu," akasema, akafunika la kwake, akaisogelea kalenda mpaka pua ikakaribia kuigusa, na bado hakuweza kuisoma. Peter aliporudi, mama yake alimwambia ukweli wote. Peter akazima televisheni, akaketi karibu naye. Wiki hiyohiyo mama akapelekwa kwa daktari wa macho, na akasisitiza nami niende.

Yeye alikutwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa. Baada ya miezi miwili alinipigia simu. "Fundi! Ndege amefika begani!" Tatizo langu mimi lilikuwa jicho la kushoto lililozembea tangu utotoni, na ubongo ulishazoea kulipuuza. Kwa umri wangu, daktari alisema, hakuna la kufanya.

Nikaenda kumweleza Meneja. "Fundi wa thrii-dii haoni thrii-dii?" akasema. "Wateja wakijua, tumeisha." Akanirudisha River Road.

Nilipanda zile ngazi nikiwa na aibu. Bwana Athman, mzee sasa, alinisogezea kigoda. "Karibu tena. Mimi nilijua tangu siku ile ya samaki dukani. Wote walinyoosha mikono isipokuwa wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa juu yako kusema."

Miaka michache baadaye viwanda vikaacha kutengeneza televisheni hizo. Watu walikuwa wamechoka na miwani. Nami nikastaafu, nikarudi kwetu Uthiru.

Vijana huniuliza kama nasikitika kwamba sikuziona. Kidogo. Lakini mimi ni mtu ambaye utotoni hakuwahi kudaka mpira, nikaitwa mzembe, nikaamini. Bila kazi ile nisingejua kamwe kwamba ni jicho. Na nisingempeleka mjukuu wangu Wambui kwa daktari akiwa na miaka minne tu. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kuzembea kama langu. Alivaa kibandiko kwenye jicho lililo zima kwa miezi mingi, akilia, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi.

Juzi alasiri, jua likiwa laini juu ya mahindi, nilimrushia mpira uani. Ulipaa polepole, nami sikujua uko mbali kiasi gani. Wambui aliungoja, akainua mikono, akaudaka.