Niliita kiburi changu akili

Mimi ndiye mukosaji. Muke wangu hana kosa, na Mungu naye musimuingize humu. Ni mimi! Na mutu mwenye kutaka kunionea huruma aache kusoma hapa.

Ninafundisha filozofia chuo kikuu, hapa Bukavu. Miaka mingi nimewaambia wanafunzi: akili ndiyo bwana wa nyumba, hisia ni mutumishi tu. Walikuwa wanaandika mbio mbio. Na mimi nilikuwa najiona mutu mukubwa!

Siku ya yenga moja, ndiyo Jumapili, kisha misa, walimu wenzangu wawili walikuja kwetu Muhumba. Tulikuwa tunakunywa, tunabishana kama hofu inaweza kumufundisha mutu kitu cha kweli. Mimi nilisema haiwezi. Nilikuwa nashinda.

Muke wangu akaingia. Ansima, binti yetu wa miaka sita, alikuwa na homa tangu asubuhi.

"Papa Ansima, tumupeleke hospitali. Hii homa haiko ya kawaida."

"Umejuaje?"

"Roho yangu inakataa."

Nikageukia wageni. "Munasikia? Roho inakataa! Hiyo nayo ni hoja?" Wakacheka. Kisha nikamuhesabia kwa vidole: mutoto wa jirani alikuwa na homa kama hii, ilikuwa malaria, dawa ya malaria iko kabatini, basi mambo yamekwisha. "Unipe sababu moja tu yenye kusimama, tunaenda sasa hivi."

Akasema atatafuta pikipiki, aende peke yake.

"Ukitoka na huyo mutoto, umenidharau mbele ya watu!"

Akabaki. Na mimi nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi!

Kesho yake asubuhi Ansima hakuweza kuinamisha kichwa, shingo imekaza kama mti. Dokta alisema ni meninjiti, homa ya uti wa mgongo. Akauliza tu: "Mulikuwa munangoja nini?"

Mutoto alipona. Lakini hasikii tena. Hata radi hasikii.

Siku tulipoambiwa hivyo, nilianza kulia pale koridoo. Muke wangu akaniangalia bila kupepesa macho.

"Unalia nini, mwalimu? Unipe sababu moja tu yenye kusimama."

Sasa yeye na mutoto wako kwa mama yake, Walungu. Nikifika, ananipa kiti, anaingia ndani, anafunga mulango. Sijasikia neno lingine kutoka kwake.

Na wale wageni? Mumoja bado anasimulia ule mubishano, eti siku ile nilisema vizuri! Namuchukia. Najichukia zaidi.

Kwa maana siku ile sikutumia akili hata kidogo. Mwenye akili angetoka kwenye kiti, aende kumugusa mutoto. Yeye muke wangu alikuwa amemugusa. Alikuwa amesikia kilio cha mutoto kimebadilika, hata kama hakujua kukieleza. Mimi nilikuwa na hasira ya kukatizwa maneno, na hamu ya kushinda. Katika nyumba ile, aliyetawaliwa na hisia alikuwa mimi!

Ninyi wenye diplomi, ninyi wenye kupenda kuwaambia wake zenu "usilete hisia hapa": hofu ikiingia nyumbani mwako, simama kwanza, nenda ukaangalie kwa macho yako. Kubisha utabisha kisha. Ukishindwa hata hiyo, usijiite mwenye akili. Uko mujinga mwenye sauti kubwa, sawa na mimi.