Kipepeo Mweusi wa Banda Letu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama mlangoni mwa banda la neti, nafukuza vipepeo weusi kwa kanga, na nilijiona hodari kweli.

Nilikuwa bibi harusi, nimetolewa Mkwaja pwani nikaletwa huku Maramba, ukingoni mwa msitu. Mume wangu nami tulifuga vipepeo. Tuliokota viwavi msituni, tukawalisha majani ya mti wa porini tuliouotesha nyuma ya nyumba, yale ukiyafikicha yananukia ndimu. Wakawa pupa, wakatoka vipepeo wa manjano mpauko, wenye mikia, wazuri mpaka unasahau chungu jikoni. Lakini mayai, hata moja. Mume wangu akachoka. Akasema asipoona yai safari hii, miti ile anaikata apande mihogo. Roho iliniuma, maana viwavi wale hawali jani jingine.

Sasa wale weusi wasio na mikia niliwaona wadoezi tu, wamepenya kwenye tundu la neti. Kila wakitokea, nawatoa. Mama mkwe alikuwa nje anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Mkamwana, hebu njoo uone."

Kwenye mti wetu mmoja pale nje alitua mweusi, kama wale niliowatoa juzi. Alikunja tumbo, akabandika yai kwenye jani. Wa manjano alikuwa anamzungukazunguka, hana haya.

"Unafukuza wake za watu," mama mkwe akasema. "Huyo ndiye jike, katoka kwenye pupa zenu hizo hizo. Amejifananisha na vipepeo wachungu ili ndege wamwache."

"Mama, mbona hafanani na mumewe hata kidogo?"

Akacheka. "Na wewe ulipoingia hapa na buibui lako, majirani waliniuliza, huyu wa wapi tena? Nikawaambia, huyu wangu."

Nilicheka, kisha nikalia. Kumbe nilitetewa, nami sikujua.

Weusi waliofuata tukawaacha ndani. Mayai yakaja, mume wangu akarudisha panga darini. Miti ile ndiyo hiyo nyuma ya nyumba, na viwavi wake bado wanafanana na kinyesi cha ndege, usiwafagie.

Basi mwanangu, mtu asipofanana na wenzako usikimbilie kumwonyesha mlango. Tulia, mtazame anatua wapi na anafanya nini. Pengine uzao wa nyumba yako ameubeba yeye.

Mola akupe nyumba isiyochagua mgeni. Na siku mgeni utakapokuwa wewe, akujaalie mtu wa kusema mbele ya watu: huyu wangu.