Sabini na Tano na Mguu wa Ntandu

Nilitoka Mandewa kwa ajili ya matumbo ya watu wengine. Shemeji yangu Zefania, kaka wa mke wangu, anaishi Kinampanda, na alikuwa anajiandaa kumuaga binti yake anayeolewa. Mtu mwingine angechinja ng'ombe, akaongeza kuku, mambo yakaisha. Zefania akasema hapana, wageni wake watakula mbogo, na kibali cha kuwinda anacho mkononi. Mke wangu akanitazama. Nikajua safari imeshanihusu, maana upande wote ule wa ukweni mtu mwenye uzoefu wa mbogo ni mimi.

Kulikuwa na jambo la kuangalia. Nusu ya wageni ni Waislamu, majirani wa Zefania wa siku zote. Huku kwetu hilo halina mjadala: mnyama akianguka, Mwislamu amuwahi na kisu kabla roho haijatoka. Akifa kwa risasi peke yake ni kibudu, na nusu ya wageni watakula wali mtupu. Kwa hiyo tulimhitaji Athumani Ntandu wa Ikungi. Ntandu ndiye mtafuta nyayo wetu miaka yote, na kisu cha kuchinjia anacho yeye.

Niseme na habari ya risasi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu. Kwenye boksi imeandikwa magnamu, mia tatu sabini na tano. Sisi wawindaji tunaikatisha, tunaiita Sabini na Tano. Nimeitumia karibu umri wangu wote wa kuwinda. Kwa swala haimharibu sana, kwa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, inatosha, na kwa mbogo ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa. Inakugonga bega, sikatai, lakini haikuangushi kama zile kubwa zinazomfanya mtu afumbe macho kabla hajafyatua. Ukiiweka mahali pake, inafanya kazi yake. Ukiiweka pabaya ni kelele tu kama kelele nyingine. Sehemu hiyo ya pili watu hawapendi kuisikia. Zefania alinisikiliza nikiisifu miaka mingi, mwaka jana akauza alizeti yake akanunua bunduki ya Sabini na Tano, mpya, ina darubini juu. Tangu siku hiyo hashauriki.

Asubuhi ya kuondoka alinipitia na pikapu yake. Hakushuka hata kumsalimia dada yake vizuri, alipiga honi tu. Tukashika njia ya Manyoni.

Ikungi tulimkuta Ntandu amekaa nje ya nyumba yake anafunga kamba za viatu. Ni mwembamba, ana miguu mirefu, na kwa miguu hiyo amesomesha watoto. Msimu wa kuwinda anaitwa na watu wa kila mahali, na msimu ukiisha anatembea porini kutafuta asali. Mkewe, Mama Rehema, alituletea uji tukanywa tukiwa tumesimama. Aliniambia kwa sauti ya chini nimwangalie mumewe, kwa sababu siku hizi anawindisha watu wasiojua kungoja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko na mimi.

Baada ya Manyoni lami ikatupeleka hadi Itigi, tukanunua chumvi, mkate na betri za tochi. Kutoka hapo tukageuka kusini. Hiyo barabara ni vumbi, na pembeni ni vile vichaka vyetu vya Itigi, vimefungamana kiasi kwamba mbuzi akiingia unamtafuta kwa sauti. Njia nzima Zefania alikuwa anazungumza. Alituhadithia jinsi alivyompiga pofu kule bondeni, jinsi alivyoanguka papo hapo, jinsi Sabini na Tano haitaki mwalimu. Ntandu alikuwa kiti cha nyuma anacheka polepole. Mitundu tulisimama kunywa chai, na hapo akamtania kwamba pofu huyo kila akihadithiwa anaongezeka kilo. Zefania hakucheka.

Jioni tulifika kambini, tukapokewa na askari wa wanyamapori ambaye ndiye angetusindikiza. Mtu mkimya, wa makamo, anasoma kibali mpaka mwisho kabla ya kukurudishia. Tulikula ugali na samaki wakavu, kisha mazungumzo yakarudi kwenye risasi kama kawaida ya wawindaji. Askari alisema amewaona mbogo wengi wakipigwa na kila aina ya bunduki, na waliowaumiza watu ni wale waliodhaniwa wamekufa. Ntandu akaeleza utaratibu wake, na naandika hapa kama alivyosema, kwa sababu baadaye watu walisema hakuwa na utaratibu. Mbogo akianguka, hakuna anayesogea. Mwenye bunduki anampiga ya pili, kwenye uti wa mgongo, chini ya shingo. Hiyo inamlaza asiinuke, lakini roho inabaki kidogo, damu bado inatembea. Hapo ndipo yeye anakwenda kwa nyuma, anataja jina la Mungu, anachinja. Amefanya hivyo mara nyingi na watu wamekula halali.

Zefania akauliza, na hiyo ya pili ikimuua kabisa je? Ntandu akajibu kwamba inatokea. Siku hiyo Waislamu wanakula maharage, hakuna aliyekufa kwa kula maharage. Askari akacheka, mimi nikacheka. Zefania akawa anakoroga chai yake ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

Kulipopambazuka tulikuta nyayo kwenye matope ya kijito, mbichi, kinyesi kina mvuke. Ntandu akatangulia, Zefania nyuma yake, mimi, kisha askari. Tulitembea hadi jua likawa kali, tukawakuta wamesimama kwenye ukingo wa kichaka, madume watatu wazee. Ntandu akamwonyesha Zefania wa kushoto, akamnong'oneza asubiri ageuke atoe bega. Zefania hakusubiri. Alipiga mbogo akiwa amesimama kwa pembeni ya nyuma, na risasi nikasikia ilivyoingia, sauti laini, ya tumboni. Mbogo akaruka, akakimbia hatua chache, akaanguka kwa magoti, kisha akalala ubavu. Wenzake wakaingia kichakani.

Zefania akanyanyua mkono kama aliyefunga goli. Mimi nilikuwa nimeshaweka kitako begani. Nilimwona vizuri, shingo iko wazi, hakuna jani mbele yake. Hiyo ndiyo ile ya pili.

Zefania akaukamata mtutu wangu kwa mkono, akausukuma chini.

"Usimuue, shemeji. Atakuwa kibudu. Athumani, wahi, anakata roho!"

Nilimwambia aachie bunduki yangu. Askari naye akasema kwa ukali tungoje. Lakini Ntandu alikuwa ameshasikia neno "anakata roho", na ameshatoa kisu. Mtu ambaye amechinjia watu miaka yote hiyo, ukimwambia anakata roho, miguu inakwenda yenyewe. Aliokota jiwe akalirusha, likampiga mbogo mgongoni, mbogo hakutikisika. Akazunguka kwa nyuma, akainama.

Sitaeleza yote. Mbogo aliinuka kama vile hajaguswa. Pembe ilimwingia Ntandu kwenye paja na kushuka mpaka chini ya goti, akarushwa, kisha akakanyagwa. Mimi nilipiga mara mbili, askari akapiga, na wa tatu wa kupiga hakuwepo kwa sababu Zefania alikuwa amekimbilia nyuma ya mti na bunduki yake mpya. Mbogo alianguka pembeni ya Ntandu, akafa hapo hapo. Hakuna kisu kilichogusa shingo yake. Nasema tena kwa sababu jambo hili litakuja: hakuna kisu kilichogusa shingo yake.

Tulimfunga Ntandu paja kwa mkanda wa bunduki na mashati yetu. Askari na mimi tulimbeba hadi kwenye gari. Zefania akauliza nani atabaki na nyama. Wallahi, aliuliza hivyo. Nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, na sijutii. Mwishowe akabaki yeye na wapishi wa kambi wakichuna, mimi nikaendesha pikapu yake kuelekea Itigi. Askari alikuwa nyuma ameshikilia kichwa cha Ntandu kisigonge bati. Njiani Ntandu hakulia. Aliuliza mara moja tu kama mbogo alichinjwa. Nikadanganya kwamba sikuona.

Itigi madaktari walifanya walichoweza. Siku ya pili wakamwita mkewe wakamweleza kwamba mguu ule hautapona, na ukiachwa utamchukua mzima mzima. Ukakatwa juu ya goti. Mama Rehema alinipita kwenye korido, akanisalimia kwa adabu zote, na hakuniuliza kitu. Heri angenitukana.

Jumamosi nilimchukua mke wangu tukaenda Kinampanda. Sikutaka kwenda, lakini binti ni binti yetu, hana kosa. Tulipitia Misigiri, tukapanda hadi Kiomboi, tukafika wakati maturubai yameshajaa watu na muziki unapiga. Nyama ya mbogo ilikuwa kwenye masufuria makubwa uani, inanukia pilipili na vitunguu. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akawakaribisha wageni chakula. Akatangaza kwamba nyama ya leo ni ya mbogo, imechinjwa na Mwislamu, ndugu Athumani Ntandu wa Ikungi, kwa hiyo kila mtu ale bila wasiwasi. Watu wakapiga makofi. Wengine wakaomba Mungu amjalie Ntandu afya, kwa sababu walikuwa wamesikia ameumia.

Nilimfuata Zefania nyuma ya jiko. Nilimuuliza kama anajua alichosema mtu wake pale mbele. Akanishika bega kama mtu anayembembeleza mlevi.

"Athumani alishika kisu au hakushika?" akasema. "Nia ilikuwepo, shemeji. Wewe unataka nini tena? Wageni wakale maharage kwangu?"

Nilimuuliza kama ameshakwenda Itigi kumwona. Akasema atakwenda shughuli ikiisha.

Nilisimama pale uani, naona sahani zinapita. Ningeweza kukaa kimya. Mke wangu alikuwa kwenye meza ya wanawake, anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka na ndugu zake vile kwa muda mrefu. Lakini hawa wageni wanapeleka chakula mdomoni kwa jina la mtu ambaye hakufanya kitendo hicho, na amelala hana mguu. Nikaenda kwenye meza ya wazee wa Kiislamu. Nilimjua mmoja, Mzee Salimu, jirani wa Zefania tangu utoto. Nikampa shikamoo, nikachuchumaa pembeni yake, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mnyama yule alikufa kwa risasi zangu na za askari, na aliyesemwa amechinja hakumgusa.

Mzee Salimu alikuwa na tonge la kwanza mkononi. Akaliweka kwenye sahani. Akaniuliza aliyetajwa yuko wapi. Nikamwambia. Akaomba maji, akanawa, akanyanyuka taratibu akishika meza. Wenzake wakamtazama, wakanawa na wao. Meza ya kwanza, ya pili, ya wanawake wenye mitandio kule mwisho. Walimuaga binti kwa heshima, wakampa zawadi zao, wakaondoka. Masufuria yalibaki yamejaa zaidi ya nusu. Muziki uliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Tulipofika nyumbani Mandewa mke wangu alisema kwamba nimemdhalilisha kaka yake mbele ya wakwe, na kwamba jambo hilo ningeweza kulimaliza kesho yake. Labda. Zefania amekataza nisikanyage Kinampanda, na bunduki yake bado anayo, na bado anaisifu. Nasikia anasema mbogo yule aliinuka kwa sababu mimi nilichelewa kupiga.

Ntandu aliporuhusiwa, nilikwenda Ikungi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje, magongo mawili yameegemezwa ukutani, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. Mama Rehema alitubandikia chai akaingia ndani. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilidhani nimemletea kitu. Nikamweleza yote, jinsi jina lake lilivyotajwa kwa uongo, jinsi nilivyomwendea Mzee Salimu, jinsi watu walivyonawa mikono na kuondoka. Nikamwambia jina lake ni safi, hakuna Mwislamu aliyekula kibudu kwa kumwamini yeye.

Safari hii imenifundisha mambo, na wasomaji wa nyumbani mnategemea niyataje. Nimejifunza kwamba sitaisifu tena risasi mbele ya mtu mwenye pupa. Nimejifunza kutoachia mtutu wangu ushikwe na mkono wa mtu. Lakini hayo ni ya porini, mtu yeyote angewaambia. Lililonikaa ni jibu la Ntandu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kwa sababu ni mtu wa adabu. Halafu mkono wake ukawa unalainisha lile pindo la suruali.

"Kwa hiyo hawakula," akasema.

Nikasema hawakula.

"Basi mguu wangu haukulisha mtu hata mmoja."