Mubilizi wa Edvina

Pale Buganguzi, ukienda kumjulia hali Mwijage, utapewa kahawa ya kutafuna na hadithi ya kusikiliza, na hadithi yenyewe haikwepeki. Atakueleza jinsi kifua kilivyombana akichuma kahawa, na jinsi mkewe Edvina alivyompondea mubilizi, yale majani machungu, naye akanywa, akatapika, akapona.

"Huyu ndiye daktari wangu," humalizia.

Edvina huwa jikoni wakati huo, akimenya ndizi nyingi kuliko walaji, na roho inamsuta.

Siku ile alidhani ni kiungulia cha rubisi, pombe ya ndizi, na alikuwa bado amemnunia mumewe kwa kuinywa. Alipoona ametapika alifurahi kwamba ubaya umetoka, akamlaza. Hospitali ya Bukoba walifika kesho yake jioni, alipoanza kukosa pumzi. Daktari alimwita Edvina pembeni. Mshipa wa moyo ulizibwa na damu iliyoganda. Dawa ya kuiyeyusha ipo, ila ilitakiwa jana ile ile. Sasa sehemu ya moyo ilikuwa imekufa. Mwijage alirudi nyumbani, lakini akifika mgomba wa tatu lazima akae apumue. Edvina hakumwambia kitu. Wewe ungemwambia?

Jumapili moja baada ya misa, Mwijage akiwa katikati ya hadithi yake, jirani yao Kokubanza aliingia bila hodi, akamwelekea Edvina.

"Mama Joackim, nisaidie mubilizi. Mume wangu kifua kinambana, jasho linamtoka, mkono umekufa ganzi."

"Mchumie, mke wangu," alisema Mwijage kwa majivuno.

Majani yalikuwa pale nyuma ya nyumba. Edvina hakusogea.

"Simchumii. Mpelekeni mumeo Buberwa Bukoba sasa hivi, mwambieni Rugambwa mwenye gari awapeleke. Huyu wangu mubilizi haukumponya. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Kokubanza alitoka mbio. Mwijage akabaki na kahawa kiganjani.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa hospitali."

Mwijage akairudisha kahawa kwenye sahani. Wiki nzima alikula peke yake barazani.

Buberwa aliwahi hospitali, akachomwa ile dawa ya kuyeyusha damu. Aliporuhusiwa na kupata nguvu, alikuja kushukuru. Mwijage alimtazama akipanda kilima taratibu, bila kusimama popote, akamsogezea kahawa. Edvina, jikoni, alisubiri hadithi ianze. Haikuanza.

"Karibu ukae, upumzike," alisema Mwijage.

"Sijachoka," alijibu Buberwa.

Mwijage akageuka kutazama jikoni, na Edvina akainamia ndizi zake.